Sura ya Tano: Sekunde Kumi na Tano

Kipindi kimoja cha darasa la kwanza kina dakika 30. Tuchukue mwalimu hodari kuliko wote, asiyepoteza hata dakika moja kufuta ubao, kugawa vitabu au kuamua ugomvi wa penseli. Akiwa na watoto 120 mbele yake, kila mmoja ana sekunde 15 za mwalimu wake. Akiwa na 45, idadi ambayo miongozo ya serikali ya Tanzania inaitaja kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kila mmoja ana sekunde 40. Akiwa na 15, kila mmoja ana dakika mbili nzima.

Sasa mtazame mtoto mmoja. Ana miaka sita au saba. Alitaka kuandika "baba", lakini herufi ya kwanza ameigeuza imekuwa "d". Ili kosa hilo lionekane, mwalimu hana budi kufika kwenye dawati lake, ainame, asome alichoandika, amwulize alitaka kuandika nini, amshike mkono wafuatishe pamoja umbo la herufi, kisha asubiri amwone akiandika mwenyewe. Kazi hiyo ikifanywa vizuri huchukua dakika moja na kitu. Kosa lisipoonekana leo, mtoto analibeba hadi kesho, anaongeza lingine juu yake, na akifika darasa la tatu anapewa swali la hesabu ambalo hawezi hata kulisoma. Hapo ndipo watu wazima wanapoanza kusema kwamba hana akili.

Darasa lililofurika hujitengenezea njia zake za kuendelea, na kila aliyesoma shule zetu anazijua. Mwalimu anaanza neno, darasa linalimalizia: "Mnyama huyu anaitwa ng'o…" "…mbeee!" "Tumeelewana?" "Ndiyo, mwalimu!" Sauti ni moja na ina nguvu, na mgeni anayepita dirishani anaweza kudhani somo limekolea. Lakini watoto 30 walioelewa wanatosha kabisa kuwaficha 90 wasioelewa. Mwalimu hana njia ya kuwatambua. Madawati yamebanana kutoka ukuta hadi ukuta, pa kupita hakuna, na wale wa nyuma wanaweza kumaliza muhula mzima bila mwalimu kusimama kando yao hata mara moja. Madaftari nayo yana hesabu yake: madaftari 120, nusu dakika kila moja, ni saa nzima ya kusahihisha kwa somo moja tu, na mwalimu huyo ana masomo mengine. Anapoweka vema ya haraka kwenye ukurasa ambao hakuusoma, haitokani na uvivu. Amewekwa mahali ambapo kazi yake haiwezekani.

Kwa hiyo swali la watoto wangapi kwa mwalimu mmoja ni swali zito, na limefanyiwa utafiti kuliko maswali mengi ya elimu. Majibu yake yamewashangaza hata waliouliza.

Utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika jimbo la Tennessee, Marekani, kuanzia mwaka 1985. Helen Pate-Bain, mwalimu aliyewahi kukiongoza chama cha walimu cha taifa, alikuwa mmoja wa waliolishawishi bunge la jimbo kugharamia jaribio kubwa. Shule 79 zilishiriki. Watoto waliokuwa wakianza shule walipangwa kwa kura, na walimu wao vilevile: wengine darasa dogo la watoto 13 hadi 17, wengine darasa la kawaida la 22 hadi 25, na wengine darasa la kawaida lenye mwalimu msaidizi. Mpango ulidumu miaka minne, hadi watoto walipofika darasa la tatu.

Kura ndiyo iliyolipa jaribio hilo heshima yake. Kwa kawaida madarasa madogo huwa kwenye shule za wenye uwezo, na ukiona watoto wake wanafaulu huwezi kujua kama ni kwa sababu ya darasa au kwa sababu ya nyumbani kwao. Kura ilikata shaka hiyo. Watoto wa madarasa madogo walisoma na kuhesabu vizuri zaidi. Alan Krueger, mchumi wa Chuo Kikuu cha Princeton, alirudia hesabu zote mwaka 1999. Ukiwapanga watoto 100 kwa mstari kufuata alama zao, mtoto wa darasa dogo alisogea mbele nafasi kama nne katika mwaka wa kwanza, kisha nafasi kama moja kila mwaka aliobaki humo. Walionufaika zaidi walikuwa watoto weusi na watoto wa familia maskini. Miaka mingi baadaye, watoto hao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya mtihani wa kuombea chuo. Mwalimu msaidizi hakuleta tofauti ya maana.

Ningependa kuishia hapo na kusema jibu ni 15. Kwa miaka ya mwanzo ya shule, naamini kabisa kwamba darasa la watoto 15 hadi 20 ni bora kuliko jingine lolote. Ila Tennessee ilikuwa ikishuka kutoka 24 kwenda 15, ikiwa na walimu waliofuzu, vyumba vya kutosha na kitabu kwa kila mtoto. Hatuwezi kulichukua jibu lake na kulipachika kwenye darasa la watu 120 mjini Geita.

California ilidhani inaweza, tena bila kutoka Marekani. Mwaka 1996 jimbo hilo liliamua kugharamia madarasa ya mwanzo yasiyozidi watoto 20, kutoka karibu 30, na uamuzi ukaanza kutekelezwa mwaka huohuo. Ghafla walihitajika maelfu ya walimu wapya. Shule za maeneo tajiri zikawavuta walimu wazoefu kutoka shule za maeneo maskini, na nafasi zao huko zikajazwa na watu wasio na vyeti vya ualimu. Maktaba na vyumba vya muziki viligeuzwa madarasa. Fedha zilizotumika zilizidi dola bilioni moja kwa mwaka. Matokeo yalikuwa hafifu, na wale ambao Tennessee ilionyesha kwamba wangefaidika zaidi ndio walioachiwa walimu wasioiva.

Sisi tulikuwa tumeyaona hayo miaka 20 kabla yao. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania awe shuleni ifikapo 1977. Lilikuwa azimio la haki, na hadi leo naliona kuwa moja ya maamuzi makubwa kuwahi kufanywa nchini. Walimu hawakuwapo, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa na kufundishwa ualimu huku wakifanya kazi. Watu wakawabatiza jina la kejeli, "Ualimu Pasipo Elimu". Halikuwa jina la haki. Wengi wao walifundisha vijijini miaka mingi, kwenye madarasa ambayo bila wao yasingekuwapo. Lakini somo la kiufundi linabaki palepale: ukipunguza ukubwa wa madarasa au ukiongeza idadi yake kwa kasi kuliko unavyoandaa walimu, unahamisha tatizo kutoka kwenye idadi ya watoto kwenda kwenye ubora wa anayewafundisha.

Wimbi hilo limerudi mara kwa mara. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, mwaka 2002. Kenya ilifuta mwaka 2003. Elimu bila ada ikapanuliwa Tanzania mwaka 2016. Kila mara watoto waliofungiwa nje na umaskini waliingia, na kila mara waliingilia mlango mmoja, darasa la kwanza. Hao ndio waliokuja kuijaza shule kutoka chini.

Na ni huko Kenya, kwenye wimbi la 2003, ndiko kulikofanyika utafiti ambao kwangu ndio muhimu zaidi katika habari hii yote. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya kazi na shule 210 za msingi za Bungoma na Butere-Mumias, magharibi mwa nchi. (Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019.) Mwaka 2005, shule 140 kati ya hizo zilichaguliwa kwa kura, na kamati za shule zikapewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja wa ziada kwa mkataba wa mwaka, unaofanywa upya akifanya kazi vizuri. Mshahara wake ulikuwa robo ya ule wa mwalimu wa serikali. Darasa la kwanza likagawanywa mara mbili. Kwa wastani lilishuka kutoka watoto 82 hadi 44.

Karibu nusu ya mzigo ilikuwa imeondolewa mabegani mwa mwalimu. Hata hivyo, watoto waliobaki na mwalimu wao wa zamani, yule wa serikali, hawakupanda alama kwa kiwango cha maana. Waliopanda ni wale waliohamia kwa mwalimu wa mkataba. Watafiti walipochunguza kilichotokea, waligundua kwamba mwalimu wa mkataba alikuwa akikutwa darasani mara nyingi zaidi, wakati mwalimu wa serikali, baada ya kupata mwenzake huyo, alipunguza juhudi. Nafuu aliyoipata haikwenda kwa watoto. Zaidi ya hapo, karibu theluthi moja ya nafasi za mkataba zilikwenda kwa ndugu wa walimu waliokuwapo.

Mtu anaweza kusoma matokeo hayo na kuhitimisha kwamba ukubwa wa darasa hauna maana, na wako wachumi waliofanya hivyo. Mimi nayasoma tofauti, kwa sababu ya mambo mawili yaliyokuwa ndani ya utafiti huohuo. La kwanza ni wazazi. Katika baadhi ya shule, wazazi wa kamati walifundishwa namna ya kusimamia ajira ya mwalimu wa mkataba na kufuatilia kama walimu wanafika. Kwenye shule hizo upendeleo na uzembe ulipungua, na faida kwa watoto ikaongezeka. Mwalimu aliyepewa watoto wachache, na anayejua kwamba kuna mtu anamuuliza, aliwafundisha.

La pili lilikuwa namna ya kuligawa darasa. Katika shule 121 zilizokuwa na mkondo mmoja tu wa darasa la kwanza, nusu ziligawa watoto kwa kura, nusu zikawagawa kwa kiwango: waliokuwa mbele upande mmoja, waliokuwa nyuma upande wa pili. Wengi tungetarajia watoto wa nyuma waumie, wakae pamoja na kukata tamaa pamoja. Baada ya miezi 18, shule zilizogawa kwa kiwango zilikuwa na alama za juu kuliko zile zilizogawa kwa kura, na walionufaika walikuwa watoto wa pande zote mbili. Faida hiyo iliendelea kuonekana hata mwaka mmoja baada ya mpango kwisha. Mwalimu ambaye watoto wake wako karibu kiwango kimoja anaweza kuanzia pale walipo. Mwenye watoto 44 wanaotofautiana sana bado analazimika kumchagua mtoto mmoja wa kufundisha, na mara nyingi humchagua yule wa mbele, kwa sababu mtaala umeandikwa kwa ajili yake.

Nahofia tu jinsi matokeo hayo yanavyoweza kutumiwa vibaya. Kuwagawa watoto wa miaka saba kwa kiwango cha kusoma kwa muda maalumu ni jambo moja. Kuwaweka "wazito" kwenye mkondo wa C hadi darasa la saba, na kuwapa mwalimu asiyetakiwa mahali pengine, ni dhuluma, na tumeifanya sana.

Tafiti nyingine zinatia nguvu tahadhari kwamba kupunguza idadi peke yake hakutoshi. Nchini Israel, kanuni ya zamani ya kwamba darasa lisizidi watoto 40 iliwafanya watoto wa mwaka wenye wanafunzi 41 wagawanywe katika madarasa mawili ya 20 na 21, huku mwaka wenye 40 ukibaki darasa moja. Joshua Angrist na Victor Lavy walitumia mpaka huo mwaka 1999 wakakuta madarasa madogo yanasaidia. Karibu miaka 20 baadaye walirudi na takwimu mpya, na faida ile haikuonekana tena. Japani kwa miaka mingi iliruhusu darasa la hadi watoto 40, na watoto wake wako miongoni mwa wanaofanya vizuri zaidi duniani. Bado mwaka 2021 iliamua kuushusha ukomo huo hadi 35 katika shule zote za msingi, hatua kwa hatua.

Turudi nyumbani, kwenye ule uwiano wa 1 kwa 45, kwa sababu umetudanganya. Uwiano ni idadi ya watoto wote wa shule ikigawanywa kwa walimu wote. Haukuambii chochote kuhusu darasa lolote. Chukua shule ya mfano yenye wanafunzi 720 na walimu 16, mwalimu mkuu akiwemo. Gawanya: 45 kamili. Kwenye taarifa ya halmashauri shule hiyo haina tatizo. Sasa ingia ndani. Darasa la kwanza wako 160, la pili 130, la tatu 110, la nne 100, la tano 80, la sita 75 na la saba 65. Vyumba viko vinane, kimoja ni cha watoto wa awali na mwalimu wao, ambao hawamo kwenye hesabu hii. Vinabaki saba, kila darasa chumba kimoja. Wakati wowote ule walimu saba wako darasani na tisa wako nje, hata kama wote 16 ni waadilifu na wamefika mapema. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 47 ya walimu wa shule za msingi Tanzania hawakuwa darasani walipotembelewa bila taarifa. Utoro upo na hauna utetezi. Lakini katika shule yetu ya mfano, zaidi ya nusu ya walimu wako nje kwa sababu hakuna chumba cha kuwaingiza.

Angalia pia nani amepewa nini. Darasa dogo kuliko yote ni la saba, lenye mtihani wa taifa, na aghalabu ndilo linalopewa walimu wanaoaminiwa zaidi. La kwanza, lenye watoto zaidi ya mara mbili, hupewa mwalimu mmoja mwenye huruma, au kijana wa kujitolea. Tafiti za Tennessee na Kenya zinaashiria kwamba tumepanga kichwa chini miguu juu. Kijana wa miaka 13 anayejua kusoma anaweza kujifunza jiografia akiwa na wenzake 60. Mtoto wa miaka sita hawezi kujifunza kusoma kwenye kundi la 160, kwa mwalimu yeyote.

Vyumba vinajengwa, na ni lazima viendelee kujengwa. Mwaka 2021 serikali ilitumia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 kwenye shule shikizi, zile za karibu zinazowapunguzia watoto wadogo mwendo na kupunguza mrundikano kwenye shule mama. Ila mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari hii hasubiri awamu ijayo ya ujenzi. Atajifunza kusoma ndani ya miaka miwili hii, au hatajifunza vizuri.

Kwa hiyo nitoe hesabu nyingine ya shule ileile. Mwondoe mwalimu mkuu, wanabaki walimu 15. Kwa saa moja kila asubuhi, walimu watano wako kwenye madarasa ya tatu hadi ya saba. Wanabaki kumi. Watoto wa darasa la kwanza na la pili ni 290. Kila mwalimu anapata watoto 29. Wapimwe kwa dakika chache kila mmoja: hajui herufi, anajua herufi, anasoma silabi, anasoma sentensi. Wagawanywe kwa kiwango hicho, bila kujali darasa, na wapimwe upya baada ya majuma kadhaa ili anayepanda ahamie kundi la juu. Makundi mawili yakae ndani, mengine kwenye baraza na chini ya miti. Shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai miaka ya 1990, limefanya kazi ya namna hii kwa mamilioni ya watoto wa India, na nchi kadhaa za Afrika zimeichukua.

Ukiangalia kilicholetwa hapo, hakuna mwalimu aliyeajiriwa wala tofali lililonunuliwa, na darasa la watu 160 limekuwa makundi ya 29 kwa ile saa ambayo ukubwa wa darasa una uzito kuliko saa nyingine yoyote ya siku.

Gharama yake iko kwa walimu, na si haki kuificha. Mwalimu wa sayansi wa darasa la sita anapoteza saa aliyokuwa akiitumia kusahihisha na kuandaa masomo. Pengine hajawahi kufundishwa jinsi ya kumfundisha mtoto silabi, na anaona kwamba amerudishwa chini. Atahitaji siku chache za kufundishwa na mwenzake wa darasa la kwanza, ambaye kwa mara ya kwanza atakuwa ndiye mtaalamu wa shule. Masika yakianza, makundi ya nje hayana pa kwenda, na ratiba itabidi ibadilishwe kwa miezi hiyo: darasa la kwanza na la pili wapokezane zamu asubuhi na mchana. Mwalimu wa taaluma atahitaji kumpunguzia kazi nyingine kila anayeingia kwenye saa hiyo, kuanzia na lundo la taarifa zinazojazwa kila juma kwa ajili ya ofisi za juu.

Mpango huo haupangwi wizarani. Hupangwa juma la kwanza la Januari, mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma wakiwa na karatasi ya ratiba mezani, wakiandika nani afundishe wapi. Kamati ya shule ina haki ya kuiona karatasi hiyo. Katika mkutano wa wazazi, maswali ya kwanza yawe ni wangapi wako darasa la kwanza, nani anawafundisha, na walimu wengine wako wapi saa mbili asubuhi.